Waasisi wa Marekani nao walipigana

Mhariri,

Wanaosema siasa za Marekani zilikuwa za kistaarabu enzi za waasisi wanakosea. Alexander Hamilton na Thomas Jefferson walikuwa mawaziri katika serikali moja ya Rais George Washington, lakini mwaka 1791 suala la benki ya taifa liliwagawa, kisha vita vya Ufaransa na Uingereza vikachochea moto. Februari 1798, bungeni Philadelphia, mji mkuu wa wakati huo, Roger Griswold wa kambi ya Hamilton alimcharaza bakora mbunge mwenzake wa kambi ya Jefferson, Matthew Lyon. Lyon naye akanyakua koleo la moto kujihami.

Linaloniuma zaidi ni lililofuata. Kwa sheria ya uchochezi ya mwaka huohuo, Lyon alifungwa miezi 4 kwa kumkosoa Rais Adams kwa maandishi. Wananchi wa jimbo lake la Vermont wakamchagua tena akiwa gerezani!

Msomaji wako,
Tanga