Wauza blaindi watuambie pa kukata na pasipokatwa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo huenda likaonekana dogo kwa msomaji aliyezoea habari za bajeti na foleni, lakini ambalo limekwishawapotezea fedha majirani zangu kadhaa hapa Tabata, nami nikiwamo. Ni suala la blaindi za madirisha zinazouzwa zikiwa na vipimo vya kiwandani, ambazo mnunuzi hulazimika kuzikata mwenyewe au kukatiwa dukani ili zilingane na dirisha lake, bila kuambiwa na mtu yeyote zikatwe wapi, kwa kiasi gani, na ni sehemu ipi haipaswi kuguswa kabisa.

Zamani blaindi tulizikuta ofisini na benki, na nyumbani tukatosheka na pazia lililopitishwa kwenye waya au fimbo. Pazia halina ugomvi na kipimo. Likizidi kwa kiganja kizima linajikunja, na wageni husifu kwamba limejaa vizuri. Blaindi inayokaa ndani ya uwazi wa dirisha haina uungwana huo. Ikizidi kwa unene wa kidole haiingii, na ikipungua kwa kiasi hicho hicho jua la saa kumi linapenya pembeni na kumchoma machoni aliyeketi kwenye kochi.

Tatizo linaanzia kwenye lugha ya vipimo. Ukiingia duka la Kariakoo, swali la kwanza utakaloulizwa ni dirisha lako ni la futi ngapi, nawe utajibu kwa fahari kwamba ni tano kwa tano, kwa kuwa ndivyo alivyokuambia fundi aliyejenga. Futi tano ni sentimita 152.4. Boksi la blaindi limeandikwa sentimita 150. Na uwazi wenyewe, baada ya fundi kupiga lipu kila upande, si 152 wala 150. Hizo ni namba tatu za dirisha moja, na muuzaji, mnunuzi na fundi kila mmoja ana yake kichwani, wote wakidhani wanazungumza jambo moja.

Mimi nilifundisha hisabati kwa miaka mingi kabla ya kustaafu, kwa hiyo nilijiona mjanja nikapima kwa milimita. Juu, uwazi wa dirisha la sebuleni ulikuwa 1,486. Katikati ulikuwa 1,481. Na chini, ambako lipu imevimba kidogo kwenye kona ya kushoto, ulikuwa 1,472. Atakayeshika neno moja tu katika barua hii na ashike hili: dirisha hupimwa sehemu tatu, na kipimo kinachotumika ni kile kidogo kuliko vyote, kisha hupunguzwa kama milimita kumi ili blaindi ipande na kushuka bila kukwaruza ukuta. Kwa dirisha langu jibu lilikuwa 1,462. Niliandika namba zote kwenye karatasi, nikaipeleka dukani.

Kijana aliyenihudumia, ambaye sina sababu ya kumtaja yeye wala duka lake, aliitazama karatasi kwa adabu, akasoma namba ya juu peke yake, akasema, "Mzee, hiyo ni mia na arobaini na nane tu," akaingia stoo. Baada ya robo saa alirudi na blaindi ya alumini iliyofungwa vizuri kwa selotepu. Nilibeba mzigo wangu hadi nyumbani kwa daladala, nikiwa nimeukumbatia wima kama mtoto mgonjwa, na ni hapo nilipoining'iniza ndipo nilipoona alichokifanya. Reli ya juu alikuwa ameikata sentimita mbili upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia ndiko iliko mashine ya kugeuzia vibamba, yaani vile vipande vyembamba vya alumini vinavyolala kimoja juu ya kingine. Vibamba navyo alivikata sentimita mbili, lakini upande wa kulia. Kwa kuwa vibamba huning'inia kwenye nyuzi zinazotoka katika matundu ya reli, na matundu hayo hayahami kwa kuwa umekata ncha, vibamba vyote vilitokeza nje ya reli upande wa kushoto kama meno ya juu yaliyozidi ya chini. Blaindi iliyodaiwa kuwa ya sentimita 148 ilikuwa bado inachukua nafasi ya 150. Nilipoirudisha niliambiwa kwamba bidhaa ikishakatwa hairudishwi.

Nikaamua kuimalizia mwenyewe. Nitaeleza nilivyofanya, kwa sababu kazi yenyewe si ngumu, na ndiyo maana inauma zaidi kwamba hakuna anayeieleza.

Nilitandika mkeka kibarazani, nikageuza reli ya chini, nikatoa vifuniko vidogo vya plastiki vinavyoficha mafundo ya kamba, nikafungua mafundo na kuzivuta kamba za kupandishia hadi zikatoka juu. Kamba zikishatoka, kila kibamba huchomoka kwa ubavu kutoka kwenye ngazi ya uzi, yaani zile nyuzi zilizosukwa kama ngazi zinazovibeba vibamba, bila kulazimishwa. Mjukuu wangu mkubwa alivihesabu hadi vikapita sitini kisha akachoka. Nilichukua kibamba kimoja ambacho ncha yake ya kiwandani ilikuwa bado na kona zake za mviringo, nikakifanya kiolezo, nikachora kila kibamba kwa penseli na kukikata kimoja kimoja kwa mkasi wa bati. Wapo wanaojaribu kuvikata vyote kwa mkupuo kwa msumeno, lakini vibamba vya alumini ni vyembamba kama karatasi ngumu, vinateleza na kujikunja, na kibamba kilichojikunja hakinyooki tena hata ukikisihi. Vya mbao na vya plastiki nene ndivyo vinavyoweza kufungwa pamoja kwa selotepu, vikabanwa na kukatwa kwa msumeno wa meno madogo. Ncha za alumini zikishakatwa hukata kidole kama wembe, kwa hiyo zipitishiwe msasa kabla ya jambo jingine lolote.

Kwa reli niliazima kwa jirani, ambaye ni fundi wa madirisha ya aluminiamu, msumeno wa chuma wenye meno 32 kwa inchi. Yeye ndiye aliyenionyesha kuchomeka kipande cha ubao ndani ya reli mahali panapokatwa, maana reli ni bati lililokunjwa tu, na bila ubao huo hubonyea chini ya msumeno. Kabla ya kukata alinitaka nipime umbali kutoka ncha ya reli hadi tundu la kwanza lenye kifaa ndani yake. Kwangu palikuwa na zaidi ya sentimita nane, hivyo nafasi ya kukata sentimita mbili ilikuwapo, hata upande ule wa mashine ambao kijana wa dukani aliuogopa. Umbali huo ndio mpaka. Anayetaka kupunguza zaidi ya hapo asikate, abadilishiwe saizi. Fimbo ya chuma inayozunguka ndani ya reli nayo nilifupisha, kwani ukiisahau hutokeza nje na kifuniko cha ncha hakifungi.

Hivyo nilikata sentimita mbili za reli upande wa kulia na sentimita mbili za vibamba upande wa kushoto. Vyote vikawa milimita 1,460, na matundu yakarudi katikati mahali pake. Kukata sawasawa pande mbili ndiyo kanuni yenyewe, na ilikuwa kichekesho kwamba nusu ya kazi hiyo ilikuwa imeshafanywa dukani kwa bahati mbaya.

Kwa blaindi za kitambaa cha kuviringisha mambo ni tofauti, kwa kuwa upande wenye mnyororo haukatwi kamwe. Bomba hukatwa upande wa pili, kitambaa kikafuatishwa kwa wembe na rula ya chuma, na kikikatwa kwa kupinda hata kidogo kitakuwa kinatembea kuelekea upande mmoja kila kinapoviringishwa. Zile za vitambaa vya wima, ambazo wengi wanazo kwenye milango ya vioo, hazipunguzwi upana wa kitambaa bali huondolewa vitambaa kadhaa na reli kufupishwa. Wanaoishi karibu na bahari, kwa mfano Kigamboni na Msasani, wapake rangi kidogo pale reli ya chuma ilipokatwa, kwani hewa ya chumvi haikawii kuleta kutu mahali palipo uchi. Mke wangu ameniomba niongeze kwamba blaindi ya ndani haizuii joto lote lililokwishapita kwenye kioo, na kwamba feni bado inakula umeme kama zamani. Nimeongeza.

Lakini hayo yote ni hasara ya fedha na muda, na yanavumilika. Kilichonifanya nichukue kalamu ni kamba.

Blaindi niliyoinunua ilikuwa na urefu wa sentimita 180 kutoka juu hadi chini, kwa sababu ndiyo saizi iliyokuwapo, na dirisha langu halifiki hata 150. Kijana alikata upana. Urefu hakuugusa, wala kamba hakuzigusa, wala hakuniambia kwamba zinaguswa. Nilipoifunga, vibamba vya ziada vilijilundika kwenye kizingiti, na kila nilipopandisha blaindi kamba ilishuka hadi karibu na sakafu. Siku ya tatu nilimkuta mjukuu wangu wa miaka mitatu amesimama juu ya kochi, amejivika kamba ile shingoni mara mbili kama mkufu, akijitazama kwenye kioo cha dirisha. Alikuwa anacheka. Nilimvua taratibu nisimshtue akateleza.

Wenzetu hawalichukulii jambo hili kama mzaha. Ulaya wana kiwango maalumu cha usalama wa blaindi za ndani, na kamba au mnyororo wenye kitanzi huwa na kishikizo cha kushikia kamba, kinachofungwa ukutani kwa kimo kisichopungua mita 1.5 kutoka sakafuni, mahali ambapo mkono wa mtoto mdogo haufiki. Marekani, kiwango kilichoanza kutumika tarehe 1 Juni 2024 kimebana sana kamba zinazoning'inia katika blaindi zinazouzwa huko. Sababu ni moja: mtoto mdogo anaweza kunyongwa na kamba ya dirisha kwa muda mfupi na bila kutoa sauti, huku mzazi yupo chumba cha pili. Ndani ya boksi langu kulikuwa na vishikizo viwili vidogo vya plastiki pamoja na skrubu zake, vimefungwa kwenye mfuko mmoja na karatasi ya maelezo ya Kiingereza na Kichina. Nilidhani ni vipuri.

Kufupisha urefu si kazi ya fundi mkubwa. Mafundo yaliyo chini ya reli ya chini yakishafunguliwa, vibamba vya ziada huchomolewa, ngazi za uzi hukatwa kwa kuacha kipande cha kuchomeka ndani ya reli, kamba hufungwa upya na ziada yake ikakatwa, kisha kishikizo hufungwa ukutani juu. Mimi ilinichukua muda mfupi kuliko wa kunywa chai, ukiondoa kutoboa ukuta. Vitanda na makochi ya watoto pia yasogezwe mbali na dirisha lenye kamba, jambo ambalo katika vyumba vyetu vidogo najua ni rahisi kulisema kuliko kulitenda.

Ombi langu kwa waagizaji na wauzaji ni dogo. Waweke ndani ya kila boksi karatasi moja ya Kiswahili inayoonyesha kwa mchoro sehemu inayokatwa na isiyokatwa, kiwango cha juu cha kukata kila upande kwa milimita, na namna ya kufupisha kamba na kufunga kishikizo. Anayekata dukani amwoneshe mnunuzi kipimo alichokata, na akikate mbele yake badala ya kukimbilia stoo. Ikiwa kosa ni la dukani, ile kauli ya kwamba bidhaa iliyokatwa hairudishwi isitumike, kwa kuwa si mnunuzi aliyekata. Na Shirika la Viwango Tanzania, ambalo tumezoea kusikia habari zake kwenye vyakula, vipodozi na nyaya za umeme, naliomba liangalie kama kamba za blaindi zinazoingia nchini zinastahili masharti ya aina hiyo, na litutangazie wananchi.

Kwa wanunuzi wenzangu, waacheni mafundi waendelee na futi zao huko saiti, lakini mkienda kununua blaindi andikeni milimita, namba tatu, na mzungushie kalamu nyekundu ile ndogo. Mimi nimebakiza madirisha mawili ya vyumba vya kulala, na karatasi yake iko tayari mfukoni.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam.