Kwa mtoto wa miaka 4, "taratibu" ni kiasi gani?

Ndugu Mshauri,

Salamu. Nyumbani kuna mtoto wa kike wa miaka 4, paka dume wa miaka 3 aliyehasiwa, na sungura mmoja. Shida iko kati ya mtoto na paka, ingawa mtu mzima naye ana sehemu yake kama utakavyoona.

Kanuni mtoto anazijua zote. Ukimuuliza atakutajia bila kukosea: paka hashikwi mkia, haamshwi akilala, hasumbuliwi akila wala akiwa kwenye trei yake ya mchanga. Lakini furaha ikimpanda humbeba paka kifuani kwa mikono miwili na kumkaza. Yeye anaonyesha mapenzi. Paka anaona amenaswa, na mnyama aliyebanwa asipate pa kutokea hutumia kucha. Mpaka sasa mikwaruzo imeishia mikononi. Ninachokiogopa ni macho, kwa sababu mtoto wa umri huu akimkumbatia mnyama humwinamia na uso pia.

Naeleza tuliyokwisha kufanya ili tusirudi mwanzo. Tulianza na mwanasesere wa manyoya: kiganja kimekunjuliwa, vidole vimeshikana, mkono unafuata manyoya yanakolalia. Pa kugusa ni mashavu, chini ya kidevu na juu ya kichwa kati ya masikio. Tumbo haligusiwi hata paka akijilaza chali. Akilala hivyo ana maana kwamba hana wasiwasi, si kwamba anaomba kukunwa. (Wageni watu wazima nao hukosea papo hapo, tena mbele ya mtoto.)

Baada ya hapo tulihamia kwa paka mwenyewe. Mtoto huketi sakafuni na kuegemea ukuta, akamsubiri. Paka akija, mtoto hunyoosha kidole kimoja usawa wa pua yake. Akinusa na kusugua shavu, mtoto humpapasa huku tukihesabu moja, mbili, tatu, kisha mkono unarudi mapajani. Paka akijisogeza tena tunarudia. Akibaki alipo au akigeuza kichwa, tumemaliza. Ni dakika 3 hadi 5, mara mbili kwa siku, paka akiwa ameshiba na mtoto hana usingizi. Nikiwa karibu kiasi cha kuudaka mkono, mambo huenda vizuri kabisa. Nikigeuka kuchukua kitu, paka yuko kwapani.

Dalili za paka aliyechoka kuguswa nimempunguzia mtoto zikabaki mbili, mkia na masikio. Kwa kawaida ncha ya mkia huanza kupigapiga sakafu, ngozi ya mgongo ikatetemeka kama aliyetuliwa na nzi, masikio yakageuka pembeni kisha yakalala bapa, na mboni zikapanuka ingawa mwanga ni uleule. Kutoka ncha ya mkia hadi kucha zinaweza kupita sekunde chache tu. Kikwazo ni kwamba kwa mtoto mkia unaocheza ni furaha, kama alivyoona kwa mbwa. Hata kwa mbwa si kweli kila mara, lakini hilo sijamgusia bado.

Paka ana pa kukimbilia: rafu iliyo juu ya kimo cha mtoto, na chumba chenye kizuizi cha mlangoni ambacho yeye hukiruka na mtoto hawezi. Kucha tunampunguza kila baada ya wiki mbili hivi, ile ncha nyeupe tu, bila kufika sehemu ya waridi yenye mshipa. Chanjo ya kichaa cha mbwa anayo. Mikwaruzo tunaiosha kwa sabuni na maji yanayotiririka. Akiuma, tumekubaliana ni kuosha hivyohivyo kwa dakika 15 na kwenda hospitali siku hiyohiyo, hata kidonda kikionekana kidogo: jino la paka ni jembamba na refu, hupeleka vijidudu ndani, na tundu lake hujifunga juu mapema.

Sasa huyo mtu mzima. Mchana mtoto hubaki na bibi yake, yaani mama mkwe wangu. Paka akimngurumia mtoto hupigwa kandambili. Mama anamtetea mjukuu wake na nia yake naielewa, ila adhabu hiyo haimfundishi paka kumpenda mtoto. Inamfundisha kwamba mtoto akikaribia kipigo kiko njiani, na kwamba kunguruma ndiko kunakomponza. Wiki mbili hizi mikwaruzo inakuja bila onyo lolote. Mtoto naye ameanza kumnyoshea paka kidole: "Mbaya wewe!"

Kilichonifanya nikuandikie hasa ni sungura. Kwake tuliweka kanuni moja isiyo na "lakini": hainuliwi. Mifupa yake ni myepesi na misuli ya miguu ya nyuma ina nguvu, kiasi kwamba akirusha mateke akiwa ameshikwa vibaya anaweza kujivunja uti wa mgongo. Mtoto hukaa kando yake, humpa majani, basi. Kanuni hiyo hajaivunja hata siku moja. Kwa paka tulimwambia "mshike taratibu", na hiyo ndiyo anayoivunja kila siku. Nadhani kosa ni letu: "taratibu" ni kipimo, na mtoto aliyejaa furaha hana mzani.

Basi naomba unisaidie haya. Je, tufute kumbeba paka kabisa hadi mtoto afike miaka 6 au 7, tubaki na kupapasa kwa kuhesabu na kumchezesha paka kwa unyoya uliofungwa kwa uzi kwenye kijiti? Naogopa tusije tukamfanya paka kuwa kitu cha kutamaniwa kwa siri. Je, paka atengwe na mtoto wiki mbili tatu kwanza ili hofu impungue, au vipindi vifupi viendelee wakati huohuo? Mikono iliyokwisha kupata hamu ya kukumbatia ipewe nini? Mto tumejaribu, anautupa na kumfuata paka.

Na la mwisho, ambalo ndilo zito: nimwambieje mama mkwe aweke chini kandambili bila aone ninamfundisha kulea? Nimefikiria kumwomba awe ndiye mwenye kuhesabu moja, mbili, tatu na mjukuu wake mchana, ili awe mwalimu badala ya askari. Kama kuna njia bora zaidi ya kulianza jambo hilo mbele ya mkubwa, nielekeze.

Wako,
Mama wa mtoto mmoja, paka na sungura