Barua ya Wazi kwa Waziri wa Elimu: Kitabu cha Kwanza cha Sosholojia Kiandikwe Hapa Nyumbani

Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Sayansi na Teknolojia,

Kwa heshima na taadhima nakuandikia kutoka Dar es Salaam, ambako kwa miaka sita nimekuwa nikifundisha kwa mkataba wa muda kozi ya utangulizi wa sosholojia, yaani elimu ya jamii, kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Ombi langu ni moja. Wizara yako igharimie uandishi wa kitabu cha kiada cha utangulizi wa somo hili, kwa Kiswahili, kitungwe na walimu wa vyuo vyetu kutokana na maisha ya Watanzania, kisha kitolewe bure kwa kila mwanafunzi anayekihitaji.

Muhula uliopita tulikuwa kwenye mada ya familia. Kitabu tunachokitumia kiliandikwa kwa ajili ya wanafunzi wa Marekani, na sura hiyo inaeleza talaka, wazazi wanaolea peke yao na wapenzi wanaoishi pamoja bila ndoa katika nchi hiyo. Mwanafunzi mmoja, ambaye mwaka 2022 alikuwa karani wa Sensa, akanyoosha mkono. Alisema kwamba huko Mbagala, alikokuwa akizunguka na kishikwambi, aliingia katika nyumba ya kupanga yenye vyumba sita vinavyotazamana ukumbini, akakuta humo kaya tano, kwa kuwa dada wawili wa vyumba viwili tofauti walikuwa wakipika chungu kimoja; na kwamba baba wa chumba cha mwisho alikuwa na mke mwingine Kigamboni, ambako ndiko alikolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti, hivyo akahesabiwa huko. Akauliza, "Mwalimu, hapo familia ni ngapi?" Nakiri kwamba kitabu hakikunisaidia. Dakika arobaini zilizobaki tulizitumia kutenganisha kaya na familia kwa maneno yetu wenyewe, na sijapata kuona darasa lile likibishana kwa hamu namna hiyo.

Naomba nisieleweke vibaya. Sisemi kwamba Durkheim, Weber na Marx, waasisi wa Ulaya wa somo hili, watupwe. Alichokiandika Durkheim mwaka 1893 kuhusu mshikamano wa watu wanaofanana na mshikamano wa watu wanaotegemeana kwa sababu kila mmoja ana kazi yake kinaeleweka vizuri sana mtu akitazama kamati ya harusi ya hapa mjini, ambamo wanakwaya, wafanyakazi wenza na majirani wasio na undugu wowote huahidi michango na kukumbushana kwa simu mpaka siku ya mwisho, jambo ambalo kijijini lingefanywa na ukoo. Tatizo ni kwamba hakuna ukurasa unaomwonesha mwanafunzi uhusiano huo. Anabaki kukariri nadharia na kuiandika kwenye mtihani kama ilivyo. Wala elimu hii si mali ya Ulaya peke yake, maana Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, alikwisha kueleza mwaka 1377 jinsi nguvu ya mshikamano wa kikundi inavyojenga dola na jinsi kulegea kwake kunavyoibomoa, zaidi ya miaka 400 kabla Mfaransa Auguste Comte hajalitangaza jina la sosholojia.

Lugha nayo ina kazi yake hapa, na si ya kurahisisha tu. Mwaka 1887 Mjerumani Ferdinand Tönnies alitofautisha mkusanyiko wa watu waliofungwa na undugu, ujirani na mazoea na ule wa watu waliounganishwa na mikataba na maslahi. Sisi mara nyingi yote mawili tunayaita jamii. Mwandishi wa Kiswahili atalazimika kulikabili jambo hilo, aamue maneno, na aeleze kwa nini lugha yetu haikuona haja ya kuyatenga, na hilo lenyewe ni somo la sosholojia. Kwa upande mwingine tunalo neno utani, ambalo mwanaanthropolojia Mwingereza Radcliffe-Brown aliliandikia makala ya nadharia mwaka 1940 akitumia jina la Kiingereza, "joking relationship", linalolifanya lionekane kama mzaha mtupu. Mwanafunzi wa Kizaramo aliyeona watani wa Kinyamwezi wakivuruga msiba wa babu yake, wakaachwa wafanye hivyo bila mtu kukasirika, ana mengi ya kuwafundisha wenzake kuhusu haki na wajibu.

Malighafi tunayo. Uchunguzi wa J.A.K. Leslie kuhusu wakazi wa Dar es Salaam ulichapishwa mwaka 1963. Sensa ya 1957 ilikuwa imehesabu watu 128,742 mjini hapa, ilhali ile ya 2022 ilihesabu 5,383,728 katika mkoa mzima. Mjadala wa matabaka uliowaka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlimani, miaka ya 1970, ambao Issa Shivji aliutolea kitabu mwaka 1976, bado unawafaa vijana wanaojiuliza machinga yuko tabaka gani.

Kuhusu gharama, hali ilivyo sasa inatuaibisha. Wanafunzi wanasoma kwa madesa, yaani maandishi ya mihadhara, na kwa kopi za vitabu vizima zinazotolewa kwenye steshenari za jirani na vyuo, kinyume cha Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na sisi walimu tunajifanya hatuoni. Njia halali ipo. Tangu mwaka 2012, mradi wa OpenStax wa Chuo Kikuu cha Rice, Houston, unatoa bure kitabu cha utangulizi wa sosholojia kwa leseni inayomruhusu mtu yeyote kukinakili, kukitafsiri na kukibadilisha, mradi awataje waliokitunga. Sura za nadharia na za mbinu za utafiti zinaweza kuanzia hapo. Zilizobaki ziandikwe upya, kwa sababu kutafsiri tu kutatupatia Marekani inayozungumza Kiswahili.

Najua litakuja swali la mitihani kufanyika kwa Kiingereza. Kitabu hiki hakimlazimishi mtu kubadili lugha ya mtihani; faharasa ya istilahi kwa lugha zote mbili mwishoni itatosha kumvusha mwanafunzi, na BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, inaweza kuzipitia istilahi hizo kabla hazijachapishwa. Isitoshe, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilikwisha kukitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote. Taasisi ya Elimu Tanzania inaandaa vitabu vya shule. Mwaka wa kwanza wa chuo hauna wa kuuandalia. Naomba pia waandishi walipwe na kazi yao ihesabiwe wanapopandishwa vyeo, kwani nilipomweleza mkuu wangu mmoja nia ya kuandika kitabu cha namna hii, alinishauri nipeleke makala kwenye jarida la nje.

Ukiridhia kuunda timu hiyo, Mheshimiwa, niko tayari kukabidhi madesa yangu yote ya miaka sita, pamoja na daftari ninamoandika maswali ambayo wanafunzi wameniuliza nikashindwa kuyajibu. Swali la nyumba ya Mbagala liko ukurasa wa mwisho.

Wako mtiifu,

Mwalimu wa muda wa sosholojia,
Dar es Salaam