Barua kwa mwanangu anayeanza kazi ya usalama

Newala

Mwanangu,

Salamu zako zimefika, sisi hatujambo. Umesema mnafundishwa vita vya msituni. Acha na mimi mama yako niseme kidogo, maana vita hivyo vilipita mlangoni kwetu.

Ukisimama Shimo la Mungu ukatazama ng'ambo ya Ruvuma, huko ndiko Mueda, Msumbiji, iliyokuwa chini ya Mreno. Tarehe 16 Juni 1960 watu walikusanyika mbele ya ofisi ya Mreno kudai haki zao, wakapigwa risasi. Mwaka 1964 Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, wakaanza vita hukohuko, mkoa wa Cabo Delgado. Mreno alikuwa na PIDE, polisi wake wa siri, na watoa habari wengi. Mwaka 1970 Jenerali Kaúlza de Arriaga akamwaga maelfu ya askari na ndege. Kambi za Frelimo zikatekwa, lakini wapiganaji wengi walikwisha kuondoka, na vita vikapamba moto mkoa wa Tete.

Wanakijiji hawakuwaona wakihama? Waliwaona. Ila mtu uliyemtoa shambani kwake ukamkusanya kwenye kijiji cha kulindwa na askari, atakuambia unachopenda kusikia ili umwondokee.

Kilwa nako, wakati wa Vita vya Maji Maji, yalikuwa hayohayo. Kabla Wamatumbi wa Nandete hawajang'oa pamba Julai 1905, habari za maji ya dawa ya mganga Kinjekitile zilikwisha kutembea kwa minong'ono, watu wakimiminika kwake Ngarambe. Masikio ya Mjerumani yalikuwa maakida, wasimamizi aliowaweka yeye, walewale waliosimamia viboko shambani. Nani angewanong'oneza?

Unamkumbuka bibi aliyekuwa akikuletea ming'oko, ile mizizi ya porini? Msitu anaujua kuliko ramani zenu. Anaona nyayo za viatu pasipopita mtu, anaona jivu lililofukiwa mchanga. Wakati ule wa hofu ya mpakani alikwenda kwa askari kutoa taarifa ya nyayo. Wakamweka siku mbili, wakimhoji kwa nini ana ndugu Msumbiji. Hapa kwetu nani hana ndugu Msumbiji? Tangu siku hiyo anachimba, anajitwika kikapu, anarudi kimya. Simlaumu hata kidogo.

Mwanangu, hilo ndilo linaloninyima usingizi kuliko bunduki. Ukipangiwa kijiji, anza na watu kama yeye. Kaa nao jamvini, daftari liache nyumbani. Akikupa habari, jina lake lifiche hata kwa wenzako wasiohusika.

Anakusalimu sana. Nimemweleza kazi uliyopata, akanyamaza kitambo, kisha akauliza utakuja lini.

Mama yako