Barua kwa mdogo wangu aliyeamua kubaki na programu moja

Assalaam alaykum mdogo wangu,

Maneno yanayosemwa nyumbani yamenifikia, tangu uliposema unaziacha programu zako nyingine za simu na kubaki na ile ya maji kujaa na kupwa. Mmoja anasema umechoka. Mwingine anasema kijana aliyesoma hakai na kitu kimoja wakati wenzake wana vitano. Wao wameyasema mbele za watu, nami nakujibia mbele za watu: uliloliamua ni jambo la maana, na nataka ulishikilie.

Wanaokuhesabia programu hawajui kwamba kazi haimaliziki siku ya kuipandisha Play Store. Kila mwaka Android mpya hutoka, na kila mwaka Google hukaza masharti. Programu ikibaki nyuma hukataliwa marekebisho, na ikizidi kubaki nyuma, mtu aliyenunua simu mpya akiitafuta haioni kabisa. Daftari la madeni la wenye maduka, ratiba za daladala, matokeo ya skuli, na hii ya maji: zote zinadai kazi hiyo hiyo, na fundi ni wewe peke yako, usiku, baada ya kibarua cha mchana. Kwa mwendo ule ungekuwa na programu nne, zote zinachechemea.

Na umechagua vizuri. Daftari la madeni watu wanalo la kila namna. Majedwali ya maji nayo yamejaa kwenye intaneti, lakini mengi ni ya Kiingereza, yamewalenga wageni wa kuteleza juu ya mawimbi, na yanakula bando kila ukiyafungua. Mama anayelima mwani pale Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, anataka kitu kingine. Bamvua, siku zile maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, anaijua bila simu; mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, anajua siku zake zimefika. Anajua pia kwamba kila siku maji huchelewa kwa kiasi cha dakika 50 kuliko jana. Anachokitaka ni saa ya maji kupwa Jumanne ya wiki ijayo. Siku hiyo ameitwa kikao cha wazazi skuli, asubuhi, na bamvua kwetu maji hukauka asubuhi hiyo hiyo, saa nne au saa tano. Akiikosa hiyo, siku zinasonga, na maji yakishakuwa mafu, yaani yanapojaa na kupwa kidogo tu, hayashuki vya kutosha kumfikisha kwenye kamba zake za mwani. Wakati wa bamvua tofauti ya kujaa na kupwa hapa Unguja hufika karibu mita nne. Maji mafu, ni kama mita moja tu. Ratiba ya mwezi mzima wa mtu huyu imo ndani ya tofauti hiyo.

Uzuri ni kwamba hesabu yenyewe haihitaji mtandao. Mwendo wa mwezi na jua unajulikana, na mwaka 1872 William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alibuni mashine ya magurudumu na kamba ya kukokotoa maji ya bandari miezi mingi mbele. Simu ya bei ndogo kabisa leo inaifanya kazi hiyo bila bando hata senti. Usikubali mtu akushawishi kuipeleka kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayofikiwa kwa mtandao.

Sasa, toleo ulilonitumia. Nimeona 10:12 kwa maandishi makubwa, na chini yake, kwa maandishi madogo, saa 4:12 asubuhi. Geuza. Anayesoma yuko juani, mikono imelowa maji ya chumvi, kioo kinametameta. Asilazimishwe kutoa sita kichwani. Saa yetu iwe juu na iwe kubwa, ile nyingine ibaki kwa anayeitaka.

Kengele ya kumkumbusha mtu saa ya maji ndiyo inayonitia wasiwasi zaidi. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu haitoi taarifa mpaka mwenye simu aruhusu. Android 14 ikaongeza kwamba programu nyingi zinazosakinishwa upya hazipewi ruhusa ya kengele ya dakika kamili hadi mtu aingie mwenyewe kwenye mipangilio. Ongeza na simu hizi tunazotumia wengi wetu, ambazo hufunga programu kimyakimya ili kulinda chaji. Mtu akikuamini, akalala, kengele isilie, hatakwambia. Ataifuta tu na kuwaambia wenzake. Kaa na jambo hili hata miezi kadhaa. Ukurasa wa kumwelekeza mtu kuruhusu, hatua kwa hatua kwa Kiswahili, una thamani kuliko rangi mpya.

Halafu usiahidi kupita kiasi. Jedwali la bandari ya Malindi, hapa mjini Unguja, si saa ya kila ufuo. Kwenye mikoko ya Chwaka maji hayatoki kwa haraka ya pwani iliyo wazi, na kusi ikivuma kwa nguvu bahari haifuati karatasi. Liandike hilo kwenye skrini ya mbele, si kwenye maelezo yasiyosomwa na mtu.

Ya iPhone iache kwanza. Apple wanataka dola 99 kila mwaka. Google ni dola 25 mara moja, na shambani kwa mwani simu ni Android. Ukitaka pesa, ziombe kwa wenye boti za kutembeza wageni na wenye hoteli, wao wanapanga safari zao kwa maji hayo hayo. Kina mama wasilipe.

Lile daftari la madeni usilifute ghafla. Kuna wenye maduka ambao deni la mtaa mzima limo humo. Wawekee kwanza kitufe cha kutoa orodha yao, uwape muda, uwapigie simu unaowajua.

Akaunti yako ya Play Store ni mpya na ni ya mtu binafsi, kwa hiyo Google watakutaka watu wa kuijaribu wasiopungua 12, siku 14 mfululizo, kabla ya kuiweka hii ya maji wazi kwa wote. Usihangaike kuwaokota kwenye makundi ya WhatsApp. Nitakwenda mwenyewe Jambiani na Paje, nikae na kina mama wenye simu walio tayari, nikuletee barua pepe zao. Kama kuna asiyekuwa nayo nitamfungulia. Niambie tu toleo lenye saa iliyogeuzwa litakuwa tayari lini, nipange safari isigongane na bamvua, maana siku hizo hutawakuta nyumbani.