Dakika 20 za Tanga hadi Pemba zielezwe kwa ukamilifu

Ndugu Mhariri,

Msafiri anayeulizia umbali kati ya uwanja wa ndege wa Tanga na ule wa Pemba, ulio karibu na Chake Chake, ataambiwa kuwa ni kilomita 84 na kwamba safari ni ya dakika 20. Hesabu hiyo ni sahihi. Ndege ndogo ya injini moja, iendayo takriban kilomita 300 kwa saa, huvuka Mkondo wa Pemba kwa dakika 17 hivi, na zinazobaki ni za kupaa na kutua. Hata upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu na kuipinga ndege, kwa masafa mafupi namna hii hauicheleweshi zaidi ya dakika mbili tatu.

Kinachonisikitisha ni jinsi hesabu hiyo inavyotumika kuuzia tiketi. Kilomita 84 ni za mstari ulionyooka, na abiria hana hakika kwamba ndege yake itaufuata. Ikipitia Unguja, itaruka kama kilomita 127 kuelekea kusini, kisha 125 nyingine kurudi kaskazini mashariki, jumla kama 250, yaani mara tatu ya umbali aliotajiwa, na hapo hatujahesabu muda wa kusubiri.

Mwaka jana nilifiwa na shangazi yangu huko Wete, na maziko yakapangwa baada ya sala ya adhuhuri. Nilinunua tiketi ya saa 4 asubuhi, nikaambiwa dakika 20, nikaona kwamba hata nikiongeza mwendo wa gari kutoka Chake Chake nitawahi. Nilikuwa nimekwisha kupanda kwenye mizani na mkoba wangu mkononi, maana katika ndege hizi abiria hupimwa pamoja na mzigo wake, ndipo karani aliponiambia, "Mzee, leo tunapitia Unguja kwanza." Unguja tulikaa zaidi ya saa moja na nusu. Nilifika Wete saa 7 na nusu, nikakutana na watu njiani wakirudi kutoka makaburini.

Naziomba kampuni za ndege na mawakala wao waandike kwenye tiketi saa ya kuondoka na saa ya kutua, wataje kila kituo ambacho ndege itashuka, na njia ikibadilika abiria apigiwe simu kabla hajatoka nyumbani. Umbali nao uandikwe kwa kilomita. Nimewahi kusikia abiria wakibishana, mmoja akishikilia kuwa ni maili 45 na mwenzake 52, kumbe wote wawili wamesema kweli, kwani wa kwanza alihesabu maili za baharini na wa pili maili za nchi kavu.

Mimi silalamikii ndege kupitia Unguja. Huenda abiria wa Pemba siku ile walikuwa wachache. Lakini kama ningeelezwa mapema, ningewapigia simu ndugu zangu waniahirishie maziko hadi baada ya sala ya alasiri, nao wangekubali.

Msomaji wako,
Chumbageni, Tanga