Kusikiliza muziki kihalali hakumalizi bando

Mhariri,

Wanaopakua nyimbo za wizi hudai kwamba kusikiliza mtandaoni kunamaliza bando. Hesabu inawakatalia: kwa ubora wa sauti wa kilobiti 96 kwa sekunde, saa nzima hula takriban megabaiti 43. Kwa kilobiti 320 hufika 144, na hapo ndipo bando huisha. Basi fungua mipangilio, shusha ubora wa sauti kwa data ya simu, kisha hifadhi nyimbo ukiwa kwenye Wi-Fi. Kwenye Spotify, huduma ya kusikiliza muziki mtandaoni, kuhifadhi nyimbo kunahitaji usajili wa kulipia, tena uingie mtandaoni walau mara moja kila siku 30, la sivyo zitaondolewa. Huduma ya bure ina matangazo, lakini msanii hupata chake. Kwenye tovuti za wizi hapati hata senti, nawe waweza kupakua kirusi. Inauma sana.

Msomaji wako